Kiraka cha Rozália

Kwa miaka thelathini na ushei, hakuna nyumba mtaani kwetu iliyotundika bendera kabla ya nyumba ya Rozália, mshona nguo. Sikukuu yoyote ya serikali, alfajiri na mapema ilishapepea dirishani: nyekundu, nyeupe, kijani. "Roza, bendera yako inaamka kabla ya jogoo," jirani yake Ilka alimtania. Wengine walisema waziwazi kwamba anajipendekeza kwa wakubwa wale wale waliomfunga mumewe. Yeye aliendelea na cherehani yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka wa hamsini na sita, watu walipoasi serikali, mumewe Ambrus alichukua mkasi wa kazi wa Rozália, akaikata nembo ya wakubwa katikati ya bendera, akaitundika ikiwa na tundu lake kwenye geti la kinu cha unga, kama walivyofanya watu nchi nzima. Vifaru vikaja kuzima uasi. Bendera ikarudi nyumbani chini ya koti. Ambrus alipokamatwa, Rozália alijua upekuzi unakuja, na tundu lile lingeweza kumtia mumewe kitanzi. Akakata upindo wa gauni lake jeupe la harusi, akaliziba tundu kwa mshono mdogo mdogo. Wapekuzi waliikunjua, wakaona bendera kuukuu isiyo na tundu, wakaenda zao. Serikali nayo ikaiacha nembo ile, naye tangu hapo akaificha bendera dirishani, mbele ya macho ya kila mtu.

Siku ya kumwona gerezani, askari akiwa amesimama kando, alimwambia mumewe, "Kile kitambaa nimekichoma." Ambrus akageuza uso. Aliachiwa baada ya miaka sita, akala chakula chake, akalala kitanda kimoja naye, lakini hilo halikumtoka moyoni. Kila alipopita chini ya bendera ya dirishani, akidhani ni nyingine, aliinamisha macho. Rozália aliumia, tena sana. Ila Ambrus akishapiga glasi mbili tatu za pálinka, ile pombe kali ya matunda, hana siri, na siri ile ingemrudisha ndani. Bora achukiwe.

Ikaja Oktoba ya themanini na tisa, siku ya uasi ule ikaruhusiwa kuadhimishwa kwa mara ya kwanza. Ambrus, kifua kimemwisha, alitaka kutoka na bendera yenye tundu.

"Kaazime bendera kwa Ilka niikate," alisema.

"Ya kwetu ipo."

"Hiyo siigusi, mama. Hiyo ni ya kwao."

Rozália aliitandaza mezani, akavaa miwani, akaanza kufumua uzi. Kiraka kikabanduka. "Lete mkono," akasema, akauvuta mkono wa mumewe hadi ukingoni mwa tundu, pale mkasi ulipomteleza siku ile na kuacha mkato wa upande.

Ambrus aliupapasa. Akaupapasa tena.

"Uliniambia umeichoma."

"Nilimwambia askari. Wewe ulikuwa umekaa karibu tu."

"Na miaka yote hii, Roza?"

"Ungesema kilabuni. Wewe unajijua."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza, kisha machozi yakamtoka. "Nimekukosea."

"Umenikosea," alisema Rozália, na hasira aliyoificha miaka yote ikamtoka. "Wala hukuniuliza hata siku moja."

Uwanjani kwenye maadhimisho, bendera aliibeba Rozália. Ambrus alitembea nyuma yake, kile kiraka cheupe amekibana kwa pini kifuani. Ilka akamsogelea. "Mzee, umebandika nini hapo?"

"Gauni la mke wangu," alisema Ambrus, akavua kofia, maana majina ya waliokufa katika uasi ule yalikuwa yameanza kusomwa.