Koti la Baridi Kwenye Foleni ya Chanjo

Jamani, hili huwa nalikimbia hata akilianzisha mtu mwingine, maana ni aibu ya kuomba ardhi ipasuke, na nikilikumbuka masikio yananiwaka mpaka leo. Ilikuwa miaka ile ya vita, mimi fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, nimepata nafasi ya kwenda Ubelgiji kujifunza injini (mtaa mzima ulishajua, nilihakikisha), na shemeji yangu Saidi, aliyewahi kufika huko, akanivuta pembeni.

"Kule apana malaria, shemeji. Ugonjwa yao ni baridi tu. Anza kuzoeza mwili."

Basi mimi na akili zangu, siku ya kwenda zahanati kutafuta chanjo za safari nikavaa sweta mbili, koti zito la mtumba lililofika magotini na skafu mpaka puani, jua la Bujumbura linachoma, nikajipanga nyuma ya akina mama na watoto wao, jasho linatiririka, mkono mmoja nimeutumbukiza kifuani kujikuna (sufu inawasha, nyie!), mara mama mmoja akageuka, akaniona, akapiga kelele: "Uyu mutu iko na gerenade!"

Kusikia guruneti, foleni ikasambaratika. Watoto wakanyakuliwa, kandambili zikabaki, nami, mjinga, nikakimbia pamoja nao, na kila nilikoelekea watu wakazidi kupiga mayowe, mpaka askari wa getini akaninyooshea bunduki.

"Vua! Moja moja! Polepole!"

Nikavua koti, sweta, sweta, suruali mbili (hizo sikuwaambia), nikabaki na chupi, mikono juu, mbele ya wateja wangu. Nesi akachungulia dirishani, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Ubelgiji.

"Kwenda kule apana lazima ya sindano, papa. Kama ulichanjwa utotoni, inatosha. Rudi nyumbani."

Watu wakacheka, nami nikaanza kucheka nao, mpaka nilipomtazama vizuri yule aliyepiga kelele. Kumbe ni jirani yetu, Mama Zuhura, amekaa chini kando ya ukuta, mtoto kifuani. Mume wake aliuawa na guruneti mwaka uliotangulia, na jeneza lake nililibeba mimi na wenzangu.

"Ni we, Hamisi?" akasema. "Mi nilijua leo ni zamu yetu na mutoto."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ubelgiji nilikwenda, na baridi ikanipiga vilevile. Lakini tangu siku ile, mvua inyeshe inavyotaka, koti mjini silivai; nalibeba mkononi limekunjuliwa, watu waone ndani hamna kitu.