Nilivyofua Mikimbio ya Timu Tatu

Mie nafulia timu ya kriketi hapa Temeke, na nguo nikiifua inatakata. Juzi Kenya na Uganda walikuja kushindana na timu yetu ya Tanganyika. Mvua ikalowesha daftari la mikimbio, yaani pointi za kriketi, na jioni karani wetu anayeziandika, Bwana Hirji, akaniletea koti lake refu jeupe.

"Shikamoo bibi. Likaushe tu, nitalitaka kesho."

Ndani nikakuta bitana nzima imechorwa majina na hesabu kwa penseli. Nikasema, mtu mzima huyu anachafua nguo kama mtoto! Nikalisugua kwa sabuni ya mche, nikalichemsha, nikalitia buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Kesho yake nikampelekea uwanjani, mbele ya wachezaji wote, kikombe cha mchezaji mwenye mikimbio mingi kikisubiri mezani.

"Siku nyingine andika kwenye karatasi," nikamkaripia.

Akafungua koti, uso ukamshuka. Daftari lilipolowa, mikimbio ya kila mchezaji aliihamishia mle.

"Nani kafuta?" nahodha wa Kenya akauliza kwa ukali.

Nikajua kazi sina tena. Bwana Hirji hata hakunitazama. "Mvua," akajibu. "Kosa ni langu."

Mungu ambariki, alitaka kunisitiri, na sitamsahau. Lakini mdomo wangu haukuweza kunyamazia uongo.

"Mvua gani inatia buluu? Nimefua mie!"

Nahodha akacheka mpaka akakaa chini. "Basi kila mtu ataje mikimbio yake mwenyewe, na bibi huyu asimame hapa asikilize."

Nikasimama, mikono kiunoni. Hakuna aliyethubutu kujiongezea hata mmoja.