Mtindi wa Ndimu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na tumbo bovu. Uji ulimharisha, na maziwa ya kuchemsha yalimharisha zaidi. Baada ya kumwachisha ziwa, kilichomkaa tumboni ni mtindi wa nyumbani tu, ule niliopewa mbegu yake na mama nilipoolewa. Kila siku nilibakiza kidogo ndani ya kibuyu, nikamimina juu yake maziwa mapya yaliyopoa, na asubuhi nikayakuta yameganda.

Kaka yangu alikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya Mkoani. Wakati huo daktari wake alikuwa akichunguza mtindi wa majumbani, apate kujua kwa nini watoto wengine wanaohara hupata nafuu wakiunywa. Kaka akawa anapita vijijini na vichupa, anaomba kijiko kwa huyu na kijiko kwa yule. Alipofika kwangu alinieleza kwamba ndani ya mtindi mna vijidudu vilivyo hai, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hivyo ndivyo vinavyokula utamu wa maziwa na kuyatia ukali, na ukali ule huwazuia wadudu wabaya wasizaliane.

"Hiyo mbegu mnayobakiza ndiyo hivyo vijidudu," alisema. "Vikifa, huna mtindi."

Shoga yangu alikuwepo siku hiyo. Tulicheka, tukaambiana kumbe siye ni wafugaji na hatujui.

Nyumba yake ilitazamana na yangu. Katikati palikuwa na uwanja mmoja tulipoanikia karafuu sote. Tulisoma chuo cha Kurani pamoja tangu wadogo, na nilipojifungua ni yeye aliyenikanda. Mbegu ya mtindi wake ilitoka kwenye kibuyu changu.

Kisha siasa ikaingia. Mume wangu akawa upande huu, mume wake upande ule. Watu wakasusiana maduka, wengine hata mazishi. Yeye akaja kukaa barazani kwangu kama kawaida.

"Siasa ni ya wanaume," aliniambia. "Siye tuna watoto wa kulea."

Nilimwamini.

Siku moja mbuzi aliingia jikoni akaangusha kibuyu changu kikapasuka, na mtindi wote ukanywewa na mchanga. Mtoto alikuwa ameanza tena kuhara. Nikavuka uwanja, nikapiga hodi, nikamweleza yaliyonifika. Hakunikaribisha ndani.

"Ningoje hapo hapo, shoga."

Alikawia. Aliporudi alikuwa na bakuli limefunikwa kawa. "Mpe mwanetu," alisema, akanishika bega.

Alasiri ile ile kaka akapita kuchukua mtindi wa kupeleka kwa daktari. Nikamwambia wangu umemwagika, nikamtilia kichupani kijiko cha ule niliopewa na shoga yangu. Nusu ya uliobaki nikaichanganya na maziwa mapya chunguni. Asubuhi nilikuta maji ya kijani upande mmoja, madonge upande mwingine, na harufu ya kuoza. Nilidhani chungu changu hakikutakata. Nikakisugua, nikakifukiza, nikarudia na nusu iliyosalia bakulini. Yakaharibika vilevile. Mtoto macho yakawa yamezama, hata kulia alilia bila sauti.

Kaka aliporudi hakukaa.

"Ulichopewa si mtindi," alisema. "Nimekitia kwenye hadubini. Nimeona mafuta na madonge tu. Vile vijidudu nilivyoviona kwenye mtindi wa shoga yako zamani havimo. Nikaonja. Ni maziwa mabichi, yamekamuliwa ndimu yakakatika."

Nilimwambia huenda amechanganya vichupa. Hakubishana nami. Alitoa kichupa kingine mkobani. Kule maabara walikuwa wakiiweka hai mitindi waliyoikusanya, wakiilisha maziwa kila siku ili waendelee kuichunguza, na huo ulikuwa wangu mwenyewe, uliotoka kwenye kibuyu kilichopasuka. Tuliutia maziwa, na kesho yake ukaganda. Mtoto akaanza kunywa kijiko kijiko, pamoja na dawa za daktari, na taratibu tumbo likatulia.

Nilimkuta shoga yangu kisimani.

"Ulinipa ndimu," nilimwambia.

Aliendelea kuvuta kamba. "Mume wangu aliniapia talaka nikikupa kitu cha nyumba yake."

"Si ungeniambia huna?"

"Ningekwambia sina, ungejua nimekugeuka. Sikutaka ujue."

"Na mtoto? Wewe si ndiye uliyemwita mwanetu?"

Alijitwisha ndoo yake akaenda zake, na maji yakimchuruzika mgongoni.

Nimeyapima maneno yake miaka mingi. Talaka si jambo dogo kwa mwanamke mwenye watoto, na laiti angenifungia mlango ningemwelewa. Kinachonikwama ni lile bakuli. Alisimama jikoni kwake, akakata ndimu, akakoroga maziwa mpaka yakafanana na mtindi, akafunika vizuri kwa kawa, akaja akanishika bega. Hayo hakuyafanya mumewe.

Tuliishi tukitazamana hivyo hivyo. Karafuu zilianikwa, yeye upande wake na mimi upande wangu, na salamu zikapitia kwa watoto. Baadaye mumewe aliwahamishia Micheweni, na siku ya kuondoka shoga yangu alikuja peke yake mlangoni kwangu. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Nikaendelea kukuna mpaka niliposikia kandambili zake zikirudi uwanjani.