Alikufa Mlango Umefungwa

Mzee wa kanisa niliyemfahamu tangu alipovuka ziwa kutoka Zaire kuja kuuza vitenge hapa Nchelenge alifariki wiki iliyopita, mchana, nyumbani kwake. Habari niliipata kwa mchuuzi wa samaki, ambaye aliegemeza baiskeli yake ukutani na kuanza kusema kabla hata hajanisalimu. Hakutaja ugonjwa wala siku ya maziko. Alisema tu, kwa Kiswahili chetu cha sokoni ambamo mzee ni papa na ndiye ni njo, "Papa amekufa, na mulango ilikuwa ya kufunga. Bibi yake njo alifunga." Tangu siku hiyo sijakutana na mtu anayemzungumza marehemu. Wote wanauzungumza mlango. Baraza la kanisa limemwita mjane aende kujieleza Jumamosi hii. Wakiamua kwamba alikosa, atazuiwa Meza ya Bwana, na hilo si jambo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba shemeji zake wako njiani kutoka ng'ambo, na baraza likitamka kuwa alimtelekeza mumewe, watalichukua neno hilo na kumtoa nalo nyumbani. Ndiyo maana naandika leo, kabla hasira yangu haijapoa.

Msomaji wa mbali atauliza mlango una kosa gani. Kwenye ufuko wetu, kuanzia Kabuta hadi Chienge, nyumba yenye watu haifungwi mchana. Ukiona imefungwa, basi mwenyewe amesafiri, au yumo ndani anakula na hataki umkute. Hili la pili ni aibu kuliko wizi. Sasa huyu mzee, aliyekuwa na sauti ya kupatana bei ambayo wavuvi waliisikia kabla mitumbwi haijagusa mchanga, alisoma kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wake waingie ndani, wafunge mlango, waombe kwa siri. Wengi wetu tumelisoma agizo hilo na kulipita. Yeye alinunua komeo. Kila siku, baada ya samaki wa asubuhi kupangwa kwenye vichanja vya kukaushia, aliingia ndani na kufunga, na mke wake akabaki uani na majirani.

Nilikuwapo siku moja, nimekuja kumtafuta kwa mazungumzo. Jirani aliyekuwa akitwanga muhogo aliweka mchi kando, akamwita mke wa mzee mama kwa Kibemba, kwa sauti ili uwanja mzima usikie: "Mayo, leo munapika nini? Hata harufu munaifungia ndani?" Wanawake wakacheka. Mke wa mzee aliichukua sufuria yake, akaipindua juu ya mawe ya jiko, uani, mahali ambapo kila apitaye angeiona kuwa ni tupu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alifanya hivyo kila siku, mume akiwa ndani na sufuria ikiwa nje, imelala kifudifudi. Mzee alipotoka, jirani akamsogelea. "Papa, ulikuwa na nani?" Akajibu kwamba alikuwa akizungumza na Baba. "Baba gani tena? Baba yako si tulisikia alikufa kule Zaire?" Hata mzee mwenyewe alicheka. Mke wake hakucheka. Alikuwa akiigeuza sufuria ili aanze kupika, na niliuona uso wake.

Manung'uniko yalifika barazani, na mzee akaitwa. Kikao kiliendeshwa kwa Kibemba, ila yeye aliulizwa kwa Kiswahili cha sokoni ili asipate kisingizio. Mwenyekiti alimwambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua: "Papa, Mungu anasikia hata mulango ikiwa wazi, si vile?" Mzee akasema, "Mungu anasikia, ba papa. Ni mimi njo siko nasikia." Kisha mmoja wao akauliza ni kitu gani anachoomba ambacho kanisa lisikisikie, na mwingine akakumbusha kwamba wapo watu wanaojifungia ndani kwa kazi za giza. Hawakumtuhumu moja kwa moja. Walimshauri tu aombe pamoja na wenzake, kama Wakristo wengine. Akawashukuru, akarudi nyumbani, na kesho yake akafunga mlango.

Nimeishi na kanisa hili miaka yote, nalipenda, na linanichosha. Jumatatu kuna mazoezi ya kwaya, Jumanne akina mama, Jumatano wazee, kisha kamati ya kwaya inakutana kusuluhisha yaliyotokea Jumatatu. Siku hizi kuna na redio kila nyumba, na malori ya wanunuzi kutoka mijini yanapiga honi ufukoni tangu alfajiri. Sabuni ikiadimika dukani tunaomba kwa sauti kuu, ikipatikana tunashukuru kwa ngoma. Kelele zenyewe sizikatai, kwa kuwa mtu mwenye furaha ataimba. Linaloniudhi ni kwamba tumefika mahali ambapo Mkristo anaweza kushinda wiki nzima akimtaja Mungu mbele za watu bila kukaa naye hata kidogo, na hakuna atakayemuuliza. Anayekaa naye ndiye anayeitwa barazani.

Kisha mzee akaugua. Kwetu mgonjwa haachwi, na ni desturi njema, nimeiona ikiwainua watu waliokwisha kukata tamaa. Nyumba ilijaa. Tuliimba zamu kwa zamu, wengine wakipika, wengine wakisimuliana habari za bei ya samaki kisiwani Kilwa, hapa hapa ziwani, juu ya kitanda chake. Mchana wa mwisho alisema neno ambalo tuliokuwa karibu tulilisikia vizuri: "Mufunge mulango. Mutoke." Mzee mmoja wa baraza akatuambia kwamba ni homa inayosema, akaanzisha wimbo mwingine. Mgonjwa akarudia. Wimbo ukapanda. Hapo mke wake akasimama kati yetu, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Tokeni. Bote. Na ba pasta." Mchungaji akaanza kusema habari ya faraja. "Faraja mutamupa kesho. Sasa hivi mutoke." Tukatoka, na mimi nikiwamo. Aliufunga mlango, naye akaketi nje, mgongo wake ukiegemea mbao. Wanakwaya walipoanza kuimba uani, aliwaambia, "Kama munataka kuimba, muende Kabuta." Mimi nikarudi kwangu; yaliyobaki nilisimuliwa.

Mke aliketi pale muda mrefu. Anasema alimsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, si ya kuweweseka, kisha akanyamaza. Hakuingia mara moja. Alipofungua, mzee alikuwa amekwisha kwenda. Uani mtu akasema, wala hakusema kwa kunong'ona, "Mwenye kula peke yake, anakufa peke yake." Nimemuuliza mjane kama anajuta. Aliniambia, akiniita baba kwa Kibemba, "Tata, labda alitaka maji. Hiyo njo inaniuma. Lakini maji hakuomba. Aliomba mulango."

Wazee hao walimsifu marehemu kaburini kuwa mtu wa maombi, na waliimba vizuri. Jumamosi watakaa kumhukumu yule aliyempa nafasi ya kuomba. Nitakwenda, ingawa sijaalikwa, nami nitasema hivi. Tunaweza kumlisha mtu, kumwogesha, kumwimbia, kumbeba hadi kaburini, na yote hayo ni wajibu wetu. Lakini kuna mazungumzo ambayo mtu hawezi kufanyiwa na wenzake, hata wakiwa wengi, hata wakimpenda. Asipopewa nafasi ya kuyafanya akiwa mzima, atalazimika kuiomba akiwa mahututi, na huenda asimpate mtu wa kumsikia. Marehemu alimpata mmoja. Kumwacha mtu na Mungu wake si kumtelekeza, na kanisa lisiloweza kutofautisha mambo hayo mawili halina haki ya kumnyima mwanamke huyu mkate wala nyumba.