Bibi, Mama na Binti Ndani ya Kompyuta Moja

Kwenye kompyuta ya Mama Kivuli waliishi wanawake watatu, na hakuna aliyekuwa tayari kuhama. Yalikuwa matoleo matatu ya programu ileile, ile inayopika picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. La zamani kabisa aliliita Bibi, la katikati Mama, na lililotoka juzi juzi Binti. Kila mmoja alikuwa na folda yake, na pembeni ya skrini ilibandikwa karatasi: KAZI YA BIBI ISIGUSWE NA BINTI. Maana Binti akishaifungua kazi na kuihifadhi, Bibi hawezi kuifungua tena ng'o.

Mama Kivuli mwenyewe jina alipewa na wenzake ofisini kwa ubishi wake. Mteja akitaka nyumba ing'ae pande zote, Mama Kivuli humwambia nyumba isiyo na kivuli ni katuni. Na vivuli, alishikilia, hakuna anayevijua kama Bibi.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, bosi wake, msanifu majengo mwenye haraka zake, alisimama nyuma ya kiti.

"Dada, diski imejaa pomoni. Leo mfute huyo bibi yako."

"Mtu hamfuti bibi yake, bosi."

"Basi nionyeshe anachojua ambacho mjukuu hajui."

Mama Kivuli alikuwa akingoja kuchokozwa hivyo siku nyingi. Alichagua nyumba ya fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye macho yalikuwa yameanza kumgomea. Taa zilimchosha, ili atie uzi kwenye sindano alihitaji jua la asubuhi. Watoto wake walipoamua kumjengea, aliomba kitu kimoja tu: chumba cha kushonea chenye jua hilo. Bibi ndiye aliyepika picha yake, cherehani dirishani, mwanga wa saa mbili umelala juu ya meza. Fundi alipoiona imechapwa kwenye karatasi ngumu aliikumbatia, akaondoka nayo huku tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Sasa msingi ulikuwa uchimbwe kesho, Jumamosi.

Basi akanakili kazi ile, nakala moja akampa Bibi, nyingine Binti, madirisha mawili ubavu kwa ubavu. Bibi akaleta jua juu ya cherehani. Binti akaiacha cherehani gizani, jua lote akalimwaga stoo.

"Umeona?" Mama Kivuli alipiga makofi. "Mtoto hana hata adabu ya kujua jua linatokea wapi!"

Bosi alicheka. Mama Kivuli alianza kucheka naye, akasita. Binti husoma mshale wa kaskazini moja kwa moja kwenye ramani. Bibi lazima aandikiwe kwa mkono. Akafungua kisanduku cha kaskazini upande wa Bibi. Sifuri, yaani kaskazini iko juu ya karatasi. Na kiwanja kile kilichorwa kichwa chini miguu juu, kaskazini ikiwa chini ya karatasi.

Akakumbuka. Siku alipoipika picha ile umeme ulikatika katikati ya kazi, na alipowasha tena hakuiandika upya kaskazini. Bibi hakuwa na kosa, hakuelekezwa tu.

"Nyumba nimeigeuza, bosi," alisema polepole. "Dirisha la yule mama linatazama machweo."

Bosi alishusha pumzi. "Na mimi nikaipitisha kwa kutazama picha yako. Mpigie simu."

"Hapana. Hili nitamwambia usoni."

Asubuhi alifika kiwanjani kabla ya wachimbaji. Mwashi alikuwa ameshavuta kamba kwenye vigingi, na fundi cherehani amesimama ndani ya kamba hizo, mahali pa chumba chake, akitabasamu peke yake.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea." Akaeleza yote bila kona, umeme, kisanduku, sifuri. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Fundi alisikiliza. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akageukia litakapokaa dirisha, jua likiwa mgongoni, akalamba ncha ya uzi, akajaribu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzi ulipita pembeni. Kisha akavuka kamba taratibu hadi upande wa stoo, akalielekea jua lililojaa tele, akainua sindano. Uzi ukapita mara moja.

"Hapa, mwanangu," alisema. "Cherehani yangu ikae hapa."

"Mama, basi nyumba nzima tuigeuze!" mwashi alilalamika. "Vigingi nimevipiga jana kutwa!"

"Ulivipiga wewe, utaving'oa wewe. Ungekuwa umeshachimba je?" fundi alimjibu.

Mwashi akaguna, lakini akainama na kung'oa cha kwanza. Mama Kivuli alivua viatu akaenda kumsaidia, moyo mwepesi kama aliyefunguliwa kamba mwenyewe. Bibi hatamfuta, aliamua. Atanunua diski nyingine, na kila asubuhi atamuuliza kaskazini yake kabla ya kumtuma popote.

"Na ile picha ya kwanza, mama, ichane tu. Nitakuletea nyingine Jumatatu."

"Niichane?" Fundi alimtazama kwa mshangao. "Karatasi ngumu nzuri vile? Nimeshaikata kipimo cha kukatia kola tangu wiki iliyopita. Wewe lete hiyo nyingine, nina mikono ya shati bado sijaikatia kipimo."