Bushi za Nyuma na Kiti cha Mbele

Pikapu ya mume wangu ilisikika kabla haijaonekana. Ikishuka ule mteremko wa mawe ukitoka Mutomo, huko nyuma ilikuwa inagonga ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyewe wako ndani. Mimi nikiwa shambani nilijua mzee anakuja, na nilijua kama yuko peke yake au la. Akiwa peke yake alikimbia tu, akipitia mashimo yote. Akiwa na mwenzangu aliendesha polepole, na zile ko, ko zikawa zinakuja kwa kupumzika. Basi nilikuwa na wivu hata kabla sijaona vumbi.

Mwenzangu alikuwa mke wa pili. Mzee alikuwa ananunua mbuzi huku kwetu Kitui na kuwauza kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, na huko ndiko alikompata. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo, hata jina la mbwa wao, lakini siyaandiki, kwa sababu wengine wako hai na wajukuu wao wanasoma. Mimi nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, peke yake, ila kusahau sijui.

Watu walisema mimi ni mke wa kanisa na yeye ni mke wa gari. Ilikuwa kweli. Kanisani mimi ndiye nilijulikana, yeye alikaa benchi ya mwisho na Meza ya Bwana hakuikaribia. Lakini ibada ikiisha, kiti cha mbele cha pikapu kilikuwa chake. Mbele kulikuwa na viti viwili tu, cha dereva na hicho. Mimi nilipanda nyuma na magunia. Hata siku ambazo hakuwako, kiti chenyewe kilinukia mafuta yake ya nywele, na mzee alikuwa anaweka kofia yake hapo, kama mtu anayewekea mwingine nafasi.

Halafu kijana wangu, kifungua mimba, akapata msichana wa Migwani. Ikawa tupeleke ntheo, wale mbuzi wa kwenda nyumbani kwa msichana. Mmoja anachinjwa huko huko, na akishaliwa, msichana ni mke wetu, hakuna wa kubisha. Nikasema moyoni, siku hiyo mimi ndiye mama. Nitafika Migwani nimekaa mbele. Siwezi kushuka nyuma ya gari nikipangusa mavi ya mbuzi mbele ya wakwe, na mwenzangu akishuka mbele na leso imenyooka.

Lakini gari lenyewe lilikuwa haliwezi kufika Migwani. Zile bushi za nyuma, raba zinazokaa pale springi zinapofungiwa, zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinagonga chuma. Mzee, kwa vile sisi Wakamba tunaamini hakuna kitu mti hauwezi, alikuwa amempa shemeji yangu mchonga vinyago kazi ya kumchongea bushi za mpingo. Zilikuwa nzuri sana. Shemeji alizipiga msasa na kuzipaka nta mpaka zikang'aa kama twiga wa kuuzia wazungu. Zikaenda Ikutha siku ya soko, na kurudi zilirudi vipande.

Basi mzee akaleta fundi na bushi za raba za kununua. Na akamleta mwenzangu pia, eti aje kusaidia matayarisho.

Fundi akainua pikapu kwa jeki, akaweka mawe chini yake, akatoa magurudumu ya nyuma. Zile raba za zamani alizitoa kwa patasi, zimekauka kama nyama ya mwaka jana. Nikamletea grisi kutoka stoo.

"La, mama," akasema. "Raba haipendi mafuta, inavimba na kuoza. Nipe sabuni na maji."

Nikaenda kutafuta sabuni. Nikirudi nikakuta mwenzangu amekwisha kumpa kipande chake, ile sabuni ya kunukia ambayo mzee alimnunulia. Mimi yangu ilikuwa ya kufulia. Nikairudisha ndani.

Raba ziliingia zikiteleza vizuri, zikinukia maua. Fundi akarudisha magurudumu, akateremsha gari chini, lakini zile nati kubwa za springi alikuwa amezishikiza tu bila kukaza.

"Sasa sikieni," akasema. "Nikikaza gari likiwa juu, likishuka raba itajinyonga, na mwezi ujao mtaniita tena. Inakazwa gari likiwa chini na mzigo wake. Wekeni magunia nyuma. Na wanaokaa mbele wakae mbele, kama siku ya safari."

Mzee akaingia kwa usukani. Hata hakugeuza kichwa. Akaita jina la mwenzangu, kwa ile sauti yake nyingine, akasema, "Njoo ukae."

Mimi nilikuwa karibu na mlango. Nikafungua, nikaingia, nikafunga.

Mzee akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi kitandani. "Shuka, mwenzako aingie."

Fundi alikuwa amekwisha kulala chini ya gari. "Huko juu msitikisike," akasema.

"Umesikia fundi," nikamwambia mzee.

"Wewe mama, si ushuke tu?"

"Amesema tusitikisike."

Mwenzangu akasimama pale kando ya dirisha, mikono kiunoni, akitabasamu. "Mwache dada mkubwa akae, mzee. Mimi hata sina uzito wa kukaza gari."

"Huyu wa ndani ni mzuri," fundi akasema kutoka chini. "Springi imekaa sawasawa."

Walicheka wote, mzee pia. Mimi nilishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine mpaka nati ya mwisho ikakazwa. Kisha nikasema, wote wasikie, kwamba gari limekazwa kwa uzito wangu, kwa hivyo nitakaa papo hapo mpaka Migwani. Mzee akamwangalia fundi. Fundi akafuta mikono yake, akasema hilo ni la nyumbani, yeye ni wa bushi.

Siku ya ntheo nikapanda mbele. Nilivaa gauni langu la kanisa. Nyuma walipanda mwenzangu, shangazi wawili wa kijana na mbuzi.

Nikwambie ukweli, sikufurahi hata kidogo. Gari lilikuwa limenyamaza. Zile ko, ko zilikwisha, na sasa kila neno la nyuma lilipita kwa kile kidirisha cha mgongoni. Mwenzangu alikuwa anawaigiza wakwe, wanavyosalimia, wanavyomkagua mbuzi meno, na shangazi wa kijana wangu mwenyewe wanacheka mpaka wanakohoa. Mzee alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani. Kwangu hakusema lolote, isipokuwa niondoe kiwiko. Na kila palipokuwa na shimo alipunguza mwendo, akiangalia kioo cha nyuma.

Nikavumilia nikashindwa.

"Simama," nikasema.

"Kuna nini?"

"Beberu anakanyagwa huko nyuma. Tukifika na mbuzi kiwete watamkataa. Aje mbele, mimi niende nyuma."

Mzee alikuwa mtu wa mbuzi, hakuweza kubisha. Akasimamisha. Mwenzangu alivyoniona nashuka akakusanya leso yake haraka, tayari kuruka chini.

"Kaa," nikamwambia. "Kiti kina mtu wake."

Tukamfunga beberu miguu, tukamweka pale kwenye kiti cha mbele, kichwa juu. Mimi nikapanda nyuma, nikajibana kati ya shangazi, mkabala na mwenzangu. Kicheko kikaisha. Tukaenda hivyo.

Karibu na Kitui mjini jua likawa kali. Nikaona kwa kidirisha mzee amepunguza mwendo, akanyoosha mkono mbele ya beberu, akamzungushia kioo mpaka chini, apate upepo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale tangu nyumbani natoka jasho, hakukigusa.

Mwenzangu naye alikuwa anatazama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Mimi hunifungulia nusu," akasema.

Tukakitazama kile kioo wote wawili mpaka Migwani.