Pingili ya Tisa

Mimi nina kiherehere, sikatai. Mpaka leo siwezi kunywa chai nikiwa nimekaa. Nazunguka nayo uani. Kiherehere hichohicho ndicho kilichonifanya nimkosee mama yangu.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Ihanda, miaka ya tisini. Mwalimu wa baiolojia akatufundisha mgongo wa binadamu: pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno. Kukariri tu kulinichosha, nilitaka kushika. Jumamosi nikamwomba muuza nyama uti wa mgongo wa mbuzi na mbavu zake, nikauchemsha kwenye sufuria ya mama bila ruhusa, nikahesabu pingili zilizoshika mbavu. Kumi na tatu! Nikarudia. Kumi na tatu.

Jumatatu nikamwambia mwalimu, mbele ya wenzangu, kwamba amekosea. Akaniuliza nimehesabu wapi, nikasema.

"Basi binti, ukiugua tutakupeleka kwa daktari wa mifugo."

Darasa zima likaangua kicheko. Jamani, nilifura! Nilitembea njia nzima nikiongea peke yangu. Nilitaka mgongo wa mtu, siku hiyohiyo.

Nikamkuta mama ndiyo kwanza anatua kikapu cha kahawa. Tangu mvua zianze alikuwa akilalamikia mgongo; usiku jasho linamtoka, na mwili umepungua. Sisi tukasema ni jembe tu.

"Mama, lala kifudifudi nikuhesabu mgongo."

"Hee! Una wazimu gani wewe? Hata maji sijanywa."

Lakini alilala mkekani, akashusha kanga. Nikatafuta kile kifundo kinachotokeza shingoni mtu akiinama, nikaanza chini yake. Moja, mbili, tatu. Alivyokuwa amekonda, sikuhangaika kuzitafuta. Ya tisa ilitokeza kuliko nyingine zote, kama goti la mtoto. Nilipoibonyeza, mama akashtuka mwili mzima.

"Hapo panawaka moto, mwanangu."

"Tulia basi mama, utanipotezea hesabu!"

Akatulia. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, na baada ya hapo mbavu hakuna. Nikainuka mbio, nikamwacha palepale mkekani, nikakimbilia kwa mwalimu kumwambia ameshinda. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kweli.

Wiki tatu baadaye mama alishindwa kuinuka kitandani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Tukasimamisha lori lililokuwa likitoka Tunduma, dereva akatuonea huruma, akatufikisha hospitali.

Daktari alipitisha kidole mgongoni mwa mama taratibu, bila haraka yoyote. Kwenye ile ya tisa akasimama. Alisema ni kifua kikuu cha mifupa, kimekula pingili na sasa kinabana mishipa ya fahamu ya miguu. Dawa zipo na ugonjwa utapona, lakini miguu hawezi kuahidi. Mama angeletwa mapema, yeye daktari angekuwa na neno jingine.

Kisha akatugeukia.

"Kinundu chote hiki, nyumbani hamkukiona?"

Nikafungua mdomo niseme.

"Hapana, daktari," mama akaniwahi, macho yake yakiwa ukutani. "Nyumbani hakuna aliyewahi kunishika mgongo."